Askari Aliyerudisha Upanga Alani
Maisha ya Hans Paasche, 1881–1920



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za watakatifu na mashahidi wa Kanisa. Safari hii twawaletea maisha ya mtu ambaye hayumo katika kalenda yetu. Alikuwa afisa wa jeshi la majini la Ujerumani, naye alikuja nchini mwetu na bunduki akapigana na wazee wetu. Jina lake ni Hans Paasche. Kwao anakumbukwa kwa jambo moja hasa, kwamba alikuwa askari, kisha akakataa. Huku kwetu ni wachache wanaomjua.

Huenda mtu akauliza, ya nini kumsimulia kwa wema mtu aliyewapiga risasi babu zetu? Swali hilo ni la haki, nasi hatutalikwepa. Twaomba tu msomaji atuvumilie, asikie habari yote kwanza, ndipo ahukumu.

MTO WETU NA VITA VYA MAJI MAJI

Sisi tuishio Ifakara twaujua vema mto Kilombero. Hutupa samaki na hutustawishia mpunga, na mvua zikizidi hutufukuza majumbani. Lakini ni wangapi kati yetu waliokwisha kuyafuata maji yake yaendako? Yakitoka kwetu hukutana na mto Luwegu karibu na maporomoko ya Shuguli, na kuanzia hapo mto huitwa Rufiji. Maji yale yale yanayopita kwetu ndiyo yanayofika Utete, kisha huingia baharini mkabala wa kisiwa cha Mafia.

Mwaka 1905 habari nyingine ilisafiri kinyume cha mkondo, kutoka kusini ya Rufiji kuja bara. Wakati ule Serikali ya Wajerumani iliwalazimisha watu kulima mashamba ya pamba chini ya maakida, nao hawakupata faida ya jasho lao. Mwishoni mwa Julai watu wa Nandete, huko Umatumbi, waling'oa pamba. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikwisha kuwapa watu maji ya dawa, akiwaahidi kwamba risasi za Wajerumani hazitawadhuru. Wajerumani walimnyonga Mohoro mapema mwezi wa Agosti, lakini wajumbe wake walikuwa wamekwisha kuenea.

Maji yale yalifika hata kwetu. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya watu, Wapogoro, Wangindo na Wambunga, waliishambulia boma ya Mahenge. Walikuja kwa mikuki na magobori, wakakutana na bunduki za rashasha. Mamia walianguka siku ile. Tena bonde letu lenyewe liligawanyika, maana Sultani Kiwanga wa Wabena alikuwa upande wa Wajerumani, naye akafa katika vita hivyo.

Baada ya mapigano ikaja njaa. Wajerumani walichoma vijiji na maghala na kuharibu mashamba ili watu wasalimu amri. Wenyewe walikadiria kwamba watu 75,000 walikufa. Wanahistoria waliokuja baadaye wamesema huenda walifika 250,000 hata 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa wala si risasi. Kanisa letu nalo liliguswa, kwa kuwa misheni yetu ya Masasi iliteketezwa mwaka ule ule.

KIJANA WA MANOWARI

Hans Paasche alizaliwa tarehe 3 Aprili 1881 katika mji wa Rostock, kaskazini ya Ujerumani. Baba yake, Hermann Paasche, alikuwa profesa wa elimu ya uchumi, na baadaye akawa makamu wa rais wa Bunge la Ujerumani. Kijana huyu alizaliwa basi katika nyumba ya heshima, na milango yote ilikuwa wazi mbele yake. Akachagua bahari. Aliingia jeshi la majini akiwa na umri wa miaka 18, akapanda cheo hata akawa luteni.

Vita vya Maji Maji vilipoanza alikuwa katika manowari iitwayo Bussard, iliyokuwa katika pwani yetu. Alikuwa na umri wa miaka 24. Serikali haikuwa na askari wa kutosha bara, hivyo mabaharia waliteremshwa nchi kavu. Paasche alipewa kikosi cha mabaharia na askari weusi, akapelekwa katika bonde la Rufiji, chini ya mto huu huu wa kwetu. Huko alipigana. Kwa amri yake watu walipigwa risasi wakafa, na vita vilipoendelea alipewa nishani kwa kazi ile.

Twasema hayo waziwazi, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuyaficha. Alikuwa afisa hodari katika vita visivyo vya haki. Lakini tangu siku zile kitu kilianza kumchoma. Alikuwa amejifunza Kiswahili, akaweza kusema na watu bila mkalimani. Mtu ukizungumza naye kwa lugha yake, ukajua ana mke na watoto na shamba, ni vigumu kurudi kumwona kama shabaha tu. Huku vita vikiendelea, alianza kuzungumza na wenyeji juu ya amani, ili watu wapate kurudi mashambani mwao.

Mwaka 1906 alirudi kwao, akiwa ameugua homa ya malaria. Mwaka uliofuata alitoa kitabu juu ya vita na uwindaji katika Afrika ya Mashariki. Si kitabu cha mtu aliyekwisha kugeuka. Furaha ya kijana mwenye bunduki bado imo ndani yake, na mashaka nayo yamo, vimekaa pamoja kama magugu na ngano katika shamba moja.

LUKANGA MUKARA

Mwaka 1908 Paasche alimwoa Ellen Witting, na wote wawili wakaja tena Afrika ya Mashariki, wakasafiri mpaka kwenye chimbuko la mto Nile. Safari hii hakuja kupigana na mtu. Aliporudi kwao alikuwa ameacha kazi ya jeshi. Akaacha pombe, akaacha kula nyama, akawa mtetezi wa wanyama na ndege, hata akapiga kelele juu ya kofia za mabibi zilizopambwa kwa manyoya ya ndege waliouawa kwa ajili ya urembo tu. Wengi walimcheka.

Mwaka 1912 alianzisha gazeti pamoja na rafiki yake Hermann Popert, na humo akachapisha barua zilizompa jina kubwa. Barua zile ni za kubuni. Mwandishi wake aitwa Lukanga Mukara, mtu wa kisiwa cha Ukara katika Ziwa Viktoria, ambaye ametumwa na mfalme wake kwenda kuipeleleza Ujerumani, kama vile Wazungu walivyozoea kuja kuipeleleza Afrika. Lukanga astaajabu mengi. Aona watu wavutao moshi na kuupuliza mbele ya wenzao. Aona wanaume wanywao mpaka hawajijui, na wanawake wajibanao kiuno hata pumzi yawapungua. Aona watu wakikimbia huku na huku mchana kutwa wakihesabu vitu, wala hakuna awezaye kumwambia wanakimbilia wapi. Mwishowe msomaji wa Kijerumani alijikuta akijiuliza, mshenzi ni nani?

Twaona hapo jinsi Mungu alivyokuwa akimfundisha mtu huyu. Alikuja kwetu akiamini kwamba yeye ndiye mwalimu. Akarudi kwao akiwa mwanafunzi, akatumia macho ya Mwafrika kuitazama nchi yake.

KITI ALICHOKATAA KUKIKALIA

Hata hivyo njia ya mtu kugeuka si barabara iliyonyooka. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, Paasche, aliyekwisha kuandika mengi dhidi ya majivuno ya nchi yake, alirudi jeshini kwa hiari yake. Aliwekwa kwanza katika mnara wa taa uitwao Roter Sand, uliosimama katikati ya bahari, kisha akapewa kazi katika kikosi cha majini.

Na hapo ndipo jaribu lilipomkuta. Baharia mmoja alishtakiwa kwa uchochezi, na Paasche akaitwa aketi katika mahakama ya kijeshi kama mmoja wa mahakimu wake. Hakuna aliyemtaka aende mstari wa mbele. Hakuna aliyemwambia aue mtu kwa mkono wake. Aliitwa tu kukalia kiti, kusikiliza, na kutoa hukumu iliyotazamiwa. Akakataa.

Afisa mwenye jina kubwa, mwana wa kiongozi wa Bunge, kukataa amri ya namna hiyo katikati ya vita, lilikuwa jambo zito. Mwaka 1916 aliondolewa jeshini. Akarudi katika shamba lake lililoitwa Waldfrieden, maana yake Amani ya Msituni, mahali ambapo leo ni katika nchi ya Poland.

Huko hakunyamaza. Alieneza maandishi ya kupinga vita kwa siri. Wafungwa wa Kifaransa walipoletwa kufanya kazi shambani mwake, aliwatendea kama binadamu. Tarehe 14 Julai 1917, sikukuu ya taifa lao, aliwaruhusu kusherehekea, na bendera ya Ufaransa ikapandishwa juu ya shamba la Mjerumani. Mwaka huo huo alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini. Kosa hilo lingeweza kumpeleka kwenye kifo. Watu wake walipigania roho yake kwa njia waliyoiona, akatangazwa kuwa ana ugonjwa wa akili na kufungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Berlin. Nchi iliyokuwa ikiwapeleka vijana wake kufa kwa maelfu ilimwita mwenda wazimu yule aliyesema basi.

Wala si Ujerumani tu iliyowaona watu kama hao kuwa adui. Uingereza ilipotoa sheria ya kuwaandikisha vijana kwa lazima mwaka 1916, watu wapatao 16,000 walisema kwamba dhamiri zao zinawakataza kupigana. Zaidi ya 30 kati yao walipelekwa Ufaransa kwa nguvu, wakahukumiwa kufa kwa kukataa amri, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha miaka kumi cha kazi ngumu. Nasi Waanglikana yatupasa kukiri kwamba maaskofu wengi wa Kanisa la Uingereza walikuwa upande wa vita.

Hapa kwetu hakuna aliyeulizwa habari za dhamiri. Wapagazi walikamatwa vijijini, wakatwishwa mizigo mpaka wengi wakafa njiani kwa maradhi na njaa. Askofu Frank Weston wa Zanzibar, alipoona wapagazi wa kisiwa chake wanapelekwa bara mwaka 1916, aliona afadhali aende pamoja nao kuwaongoza na kuwatunza. Na Mahenge, iliyopigwa mwaka 1905, ilitekwa tena na majeshi ya Wabelgiji tarehe 9 Oktoba 1917. Bonde letu lililishwa vita mara mbili katika muda wa miaka 12.

MAUNGAMO

Tarehe 9 Novemba 1918 mapinduzi yalitokea Berlin. Mabaharia waliokataa kuendelea na vita walikuja wakamtoa Paasche kifungoni, wakamchagua katika baraza la wafanya kazi na askari lililoshika madaraka siku zile. Yeye alitaka wale walioileta vita wakamatwe na kuhojiwa. Hakusikilizwa. Mwezi wa Desemba mkewe alifariki katika maradhi ya mafua makali yaliyoua watu dunia nzima, akamwachia watoto wanne. Paasche akaachana na siasa za mjini, akarudi shambani kuwalea.

Mwaka 1919 alitoa vijitabu viwili ambavyo, kwa maoni yetu, ndivyo kilele cha maisha yake. Kimoja kilihusu Afrika ambayo Wajerumani walikuwa wameipoteza. Wakati wenzake walilia kwa kunyang'anywa makoloni, yeye alionyesha dhuluma waliyoitenda huko. Kijitabu cha pili kilikuwa juu ya hatia yake mwenyewe katika Vita Kuu. Ebu tufikiri juu ya neno hilo. Mtu huyu alifukuzwa jeshini kwa kukataa, alifungwa, aliitwa mwenda wazimu. Kama kulikuwa na Mjerumani aliyeweza kunawa mikono na kusema vita hivyo si vyangu, ni yeye. Badala yake aliketi akaandika jinsi naye alivyolelewa kupenda sare na upanga, jinsi alivyotii, jinsi alivyoshiriki.

KIFO CHAKE

Watu walikuwa wamekwisha kumchongea kwamba ameficha silaha za wakomunisti. Tarehe 21 Mei 1920 askari wapatao 60 walikuja Waldfrieden, wakalizunguka shamba. Paasche alikuwa ziwani, hana silaha. Aliitwa aje nyumbani. Alipokaribia na kuwaona askari aligeuka, wakampiga risasi, akafa pale pale katika shamba lake. Alikuwa na umri wa miaka 39. Askari walipekua nyumba wasione silaha yo yote. Uchunguzi ulifanywa ukafungwa, na hakuna aliyeadhibiwa.

TWAJIFUNZA NINI?

Sasa turudi kwenye swali letu la kwanza. Je, yatupasa kumheshimu mtu huyu, sisi tulio wajukuu na vitukuu vya wale waliopigwa Mahenge na Rufiji?

Hatusemi kwamba toba yake ilifuta yaliyotendeka. Waliokufa Rufiji hawakufufuka kwa sababu yeye aliandika kitabu. Wala wazee wetu hawangoji afisa wa Kijerumani ndipo wajulikane kwamba walipigania haki yao. Lakini Kanisa halikusita kumkumbuka Mtakatifu Paulo, ingawa alisimama akilinda nguo za waliompiga Stefano kwa mawe, wala Maandiko hayakulificha jambo hilo. Mtume mwenyewe alilitaja. Basi na sisi twaweza kumheshimu Paasche bila kumwosha. Twaheshimu kugeuka kwake, na twakumbuka alikotoka.

Kwanza twajifunza kwamba ushujaa wa kukataa ni wa namna nyingine. Askari aendaye vitani huenda pamoja na wenzake, ngoma zikipigwa. Akifa, huitwa shujaa. Akataaye husimama peke yake, na mara nyingi wa kwanza kumlaumu ni jamaa zake. Paasche alijua ushujaa wa aina zote mbili, na kwa ule wa kwanza alipewa nishani. Ule wa pili ulimpatia kifungo, na hatimaye risasi. Bwana wetu alipomwambia Petro arudishe upanga alani, hakumwita mwoga. Alimwita kwenye jambo gumu zaidi, ambalo usiku ule Petro hakuliweza.

Pili, tutazame mahali jaribu lilipomkuta. Lilimkuta penye kiti. Wengi wetu hatutaamriwa kamwe kupiga bunduki. Lakini tutaitwa kuketi katika kamati, katika baraza la kijiji, katika kikao cha ukoo, mahali ambapo hukumu imekwisha kupikwa na kinachotakiwa ni mkono wetu tu uinuliwe. Mjane atanyang'anywa shamba lake la mpunga. Bibi mzee atasingiziwa uchawi. Mgeni atafukuzwa. Nasi tutaambiwa, wewe keti tu, usiseme neno. Hapo ndipo Mkristo apaswapo kusimama, hata kama sauti yake ni moja.

Tatu, tukumbuke kijitabu kile cha hatia. Kila Jumapili twaungama kwa pamoja kwamba tumetenda dhambi, tukayasema maneno hayo haraka haraka kwa kuwa twayajua kwa moyo. Hatia ya wengine twaiona upesi, hata ya mataifa makubwa. Paasche aliuliza juu ya ile iliyo yake. Aliiandika na jina lake juu ya jalada, wakati ambapo nchi nzima ilikuwa ikimtafuta mwingine wa kumtwika lawama.

Ndugu zetu, tarehe 25 Julai kila mwaka Taifa letu huwakumbuka mashujaa. Siku hiyo na tuwaombee wale walioanguka Mahenge mwaka 1905, ambao majina yao wengi hatuyajui. Tuwaombee na wapagazi waliozikwa porini bila msalaba. Tena tusiache kuwaombea askari wa nchi zote, wetu na wa wengine, ambao wataamriwa siku moja kutenda jambo ambalo mioyo yao yalikataa, ili Mungu awape nguvu ya kusema hapana, na awape watu watakaosimama karibu nao wakisema hivyo.